Aliyemtunga Kandarini

Msiniulize alizaliwa wapi wala babake ni nani. Kuna watu hayo ndiyo raha yao, wakikaa barazani watakupandisha ukoo mpaka kwa babu wa babu, na mimi simo. Mimi nilimjua Mwalimu akiwa mtu mzima, na buibui lake, miwani yake mizito na mkoba wa ngozi uliochakaa pembe. Alikuwa akifundisha hisabati katika shule moja ya msingi huku kwetu Likoni, na mimi, bado msichana, nilikuwa karani wa shule hiyo, nina taipureta ambayo herufi zake zilikwama kila mvua ikinyesha. Siku moja wakati wa mapumziko alikuja mezani kwangu, akaweka karatasi alizoziandika kwa mkono, akasema, "Karani, nipigie chapa haya. Lakini usiyasome."

Nipige chapa bila kusoma! Kwani vidole vina macho yao? Nilisoma, tena nilisoma kwa pupa. Nilipofika mahali ambapo msichana wa Likoni aitwaye Mwanasiti avua viatu penye kivuko, ashuka ngazi ambayo jana yake haikuwapo, na maji yamfungukia kama pazia la mlangoni, nikaacha kupiga. Kengele ikalia, watoto wakaingia madarasani, mwalimu mkuu akaja kuuliza barua yake, nami nimeduwaa, kidole hewani.

"Umesoma," Mwalimu aliniambia jioni.

"Wallahi sikusoma, Mwalimu."

"Mbona basi una macho ya mtu aliyetoka safari?"

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni mwanzoni, na tangu siku hiyo nikawa mpiga chapa wake. Sikuwahi kuona mtu kama yule na sidhani kama nitaona tena. Nasema hivi nikiwa timamu, na asiyetaka aseme yake.

Watu wakisikia kuna mtu aandika majini na miji ya chini ya bahari, hudhani ni mtu wa kusinzia, hajui leo ni Jumanne au Ijumaa. Hawakumjua Mwalimu. Alikuwa mkali wa hesabu hata katika uchawi, na katika uchawi ndiyo zaidi. Nikimpelekea sura iliyokwisha pigwa, huisoma kalamu mkononi, kisha huanza kujisuta mwenyewe: "Sura ya kwanza huyu mtoto kapita ukutani. Mbona hapa abisha hodi?"

"Pengine ana adabu, Mwalimu."

"Adabu si jibu. Kama ana uwezo wa kupita ukutani, uwezo huo kaupataje, nao umemnyima kitu gani?"

Basi kazi yangu yote hurudi upya, nami hununa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Jumamosi moja alinichukua mpaka Shelly Beach kwa sababu alitaka kujua kama Mwanasiti akiwa chini ya maji ataweza kusikia adhana. Tukangoja. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, Mwalimu akaingia baharini na buibui lake, akazamisha kichwa, mzima mzima, wageni wa hoteli wamesimama wanamkodolea macho. Nilitamani mchanga unimeze. Akaibuka, maji yakimtiririka usoni, miwani mkononi. "Yasikika," akasema, "lakini ni kama yatoka ndani ya kifua chako mwenyewe." Sentensi hiyo niliipiga chapa Jumatatu.

Na mtu huyo huyo, aliyewapanga majini kama wanafunzi wa foleni ya asubuhi, hakumwaga maji ya moto uani kwake bila kupiga bismillahi na kuwaomba radhi wasioonekana. Nilimcheka. "Wale niwatungao nawajua," aliniambia. "Hawa wa uani sikuwatunga mimi."

Alihadithia kwanza, akaandika baadaye. Kila siku baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa wetu wa Shika Adabu walikusanyika ukumbini mwake kushona kofia za vito, zile zilizojaa vitundu vya sindano, kila mmoja na sindano yake. Mwalimu hakushona. Yeye alikaa mkekani akawatolea sura aliyokuwa akiifikiria, na muda wote huo hakuwatazama nyuso, alitazama mikono. Sindano zikiendelea kwenda, sura bado. Sindano zikisimama, kesho yake aniambia niandae karatasi. Uso wa mtu waweza kukusifu kwa heshima tu, alikuwa akisema, lakini mkono wa mshonaji hauna habari na heshima.

Sitamsingizia unyenyekevu. Alijipenda kidogo, na jina lake alilipenda sana. Alikuwa akijizoeza kutia sahihi nyuma ya karatasi za mtihani, sahihi kubwa yenye mkia. "Nataka mtu wa mbali," aliniambia, "mtu asiyenijua kwa sura, ashike kitabu changu, asome jina, aseme: huyu ndiye aliyenipeleka." Alilisema bila haya, nami nikampenda zaidi kwa hilo.

Kitabu cha kwanza kikatoka. Kiliitwa *Ngazi ya Maji*, na mchapishaji alikuwa Nairobi. Hadithi yenyewe nawaeleza kwa ufupi, msije mkapotea: chini ya kivuko cha Likoni kuna mji, na malkia wa mji huo ni jini aitwaye Kandarini, aliyezaliwa bila sauti. Kwa hivyo huchukua sauti za watu, akazivaa moja moja, leo hii, kesho ile, kama mtu abadilishavyo kanga. Sauti ya mamake Mwanasiti imo kabatini mwake. Msichana ashuka kwenda kuitafuta, apita mitihani ya kila namna, mpaka afika mlangoni kwa malkia, na mlango wafunguka. Basi. Kilichokuwa nyuma ya mlango kilikuwa cha kitabu cha pili.

Siku sanduku la vitabu lilipofika tulilifungua pamoja ofisini. Juu ya jalada kulikuwa na jumba la minara mirefu, msichana wa nywele za manjano, na nyuma yake mlima mweupe.

"Theluji," Mwalimu akasema polepole. "Karani, wamenitilia theluji Likoni."

Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Kisha akatwaa karatasi ya gazeti, akalifunika jalada, akalibakisha jina lake tu lionekane.

Sasa nije kwenye jambo lililokiponza kitabu kile, nalo lilifanywa kwa mapenzi matupu. Mwalimu aliwapa wanawake wa ukumbini nakala moja wasome kwa zamu. Zamu ikaleta ugomvi siku ya kwanza. Huyu amekaa nacho, yule akidai, mwingine kakificha chini ya godoro. Ndipo akasimama Mama Samaki. Huyu alikuwa mwanamke mkaanga samaki kwenye njia ya kwenda Shelly Beach, mwenye sauti ya kukufikia kabla ya harufu ya mafuta yake.

"Mwagombana bure," akasema. "Kwenye hitima twafanyaje? Kila mtu ashika juzuu yake, twasoma pamoja, na kabla ya chai msahafu mzima ushahitimu. Leteni wembe."

Bibi mmoja mkongwe akashika kichwa. "Astaghfirullah! Wafananisha maneno ya Mungu na kitabu cha majini?"

"Sifananishi, bibi. Naazima mpango tu."

Mwalimu alikuwapo. Nilidhani atazirai. Neno lake lilikuwa moja: "Kateni penye uzi, msikate maandishi." Wembe ukapita, kitabu kikawa mafungu mafungu, kila mmoja akapokea lake, na ukumbi mzima ukaanza kuvuma kwa kusoma. Kabla chai haijaiva Mama Samaki akapiga kigelegele: "Tumehitimu!"

Tumehitimu nini? Msahafu wanaujua tangu utotoni, wakigawana juzuu hakuna kinachopotea. Hiki kila mmoja alijua kurasa zake tu.

"Masikini mamake Mwanasiti, kafa!"

"Kafa wapi? Mbona kwangu yuwapika wali?"

"Na huyu Kandarini ndiye nani?"

"Malkia."

"Malkia gani! Kwangu ni samaki."

Wakawa hawana budi kuhadithiana. Jioni ile, na kesho yake, na majuma yaliyofuata, wanawake walikwenda nyumba kwa nyumba kuulizana vipande, na palipokosekana kipande mtu alijazia chake. Mwalimu akirudi kutoka shule alisikia hadithi yake ikitoka madirishani, hapa imeongezwa, pale imegeuzwa, na alisimama njiani kusikiliza kama mgeni. Habari za Kandarini zikafika Mtongwe, zikavuka kivuko na wachuuzi, zikaenda zilikokwenda. Na hakuna aliyenunua kitabu. Kununua cha nini? "Tushakisoma, Mwalimu!" walimpigia kelele barabarani kwa fahari, wamfurahishe. Upande wa pili wa kivuko nakala zake zilikaa kwenye dirisha la duka mpaka ile theluji ikageuka rangi kwa jua. Baadaye mchapishaji akamwarifu kwamba riwaya yake haikupata wasomaji.

Haikupata wasomaji! Mimi niliposikia nilichemka, nikataka kwenda kumgongea mtu mlango. Mwalimu alikunja midomo tu, akaniambia nimtilie karatasi mpya.

Hayo si kitu. Siku iliyonifanya nimtazame Mwalimu kwa jicho jingine ilikuja Mama Samaki alipougua. Alianza kwa kunyamaza, na Mama Samaki kunyamaza ni ugonjwa tosha. Hali chakula, hakaangi, akaa kutazama ukuta. Hospitali hawakuona kitu. Ndugu zake wakamwita fundi wa pepo, mama mmoja mpole, na asubuhi moja ubani ukafukizwa na ngoma ikapigwa uani kwao. Shule ilikuwa karibu, nikapenya kwenda kutazama. Pepo akapanda. Fundi akamkaribisha kwa adabu, kama ilivyo desturi: "Karibu, mgeni wetu. Wewe nani?"

Sauti ikatoka ndani ya Mama Samaki, ndogo, kama ya mtu asiyezoea kusema. "Mimi Kandarini."

Jina lile nililipiga chapa kwa vidole hivi. Mwalimu alilitafuta muda mrefu, akiunganisha silabi na kuzitupa, mpaka akapata jina ambalo kwa kujua kwake halikuwahi kuitwa mtu wala pepo. Fundi hakuwa na habari hiyo, akaendelea na kazi yake. "Wataka nini, Kandarini? Wataka halua? Wataka marashi? Kanga mpya?"

"Sitaki hivyo. Nataka kujua nimeishia wapi."

Siku ile ya wembe Mama Samaki aliangukiwa na kurasa za katikati, Kandarini aingiapo kwa mara ya kwanza, na kila aliyemwuliza mwisho wake alimpa wa kwake. Wakamwendea Mwalimu darasani. Alikuja na chaki vidoleni. Mlangoni alinikamata mkono. "Karani, kitabu cha pili sijakiandika."

"Najua."

"Mwisho wake siujui."

"Basi ujue sasa hivi, Mwalimu. Mtu ateseka."

Akaingia, akakaa mkekani mbele ya Mama Samaki, na kwa mara ya kwanza hakutazama mikono ya mtu, alitazama macho. Akahadithia. Alisema Mwanasiti alipoingia mlangoni hakuja na silaha. Alikaa na Kandarini akamfundisha kusema, silabi kwa silabi, kama afunzwavyo mtoto, mpaka malkia akapata sauti yake mwenyewe, na neno la kwanza alilolitamka likawa jina lake. Aliyepata yake hakuwa na haja tena na za watu. Akalifungua kabati, sauti zote zikapanda juu kwa wenyewe. Ngoma ilikuwa imenyamaza zamani. Watu wazima walilia uani pale, na mimi mmoja wao.

"Mwisho wako ndio huo," Mwalimu akasema. "Nakuahidi."

"Ahsante," ile sauti ikajibu. Mama Samaki akalala papo hapo, na alipoamka akauliza nani anaangalia samaki wake.

Mimi sisemi ilikuwa nini. Wapo watakaosema mwanamke yule alichoka, akaona haya kusema amechoka, na wapo watakaosema mengine. Najua tu kwamba wakati wa kurudi Mwalimu alikuwa akishika kuta. "Nilimtunga jikoni, karani," aliniambia. "Nikipika mchicha."

Kitabu cha pili alikiandika kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na mwisho wake ulikuwa ule ule, neno kwa neno. Tukakipeleka. Kimya kikawa kirefu, halafu siku moja mhariri akaja mwenyewe, kijana wa bara, tai shingoni na joto hilo, jasho lamchuruzika. Mtu mwema, sitamsema vibaya. Alikaa ukumbini akala mahamri na mbaazi, akasema, "Mwalimu, hii kazi imenimaliza. Nimeisoma nikakosa kulala. Lakini ya kwanza haikuuza. Sasa soko ni la shule peke yake, na shule wakiona majini watakataa. Ukinisaidia kidogo tu, naichapisha mwaka huu."

"Nikusaidie vipi, mwanangu?"

"Mwishoni Mwanasiti aamke. Iwe alikuwa anaota. Sentensi moja tu, na hakuna mtu atalalamika."

Mwalimu alimwongeza chai. "Na walioshuka naye ngazi yote ile, nikawaambie walikuwa wakishuka kitandani kwake?"

"Ni hadithi tu, Mwalimu."

"Ni hadithi, ndiyo. Mwisho wake nimekwisha kumwahidi mtu."

Kijana akauliza huyo aliyeahidiwa ni mwandishi mwingine au ni mchapishaji. Mwalimu akanitazama, nami nikageuza uso nisicheke. Alimsindikiza mpaka kwenye kivuko, wameshikana mikono kama mtu na mwanawe, na jibu likabaki lile lile.

Mimi nilimgombeza. Naam, nilimgombeza mkubwa wangu. "Sentensi moja, Mwalimu! Wewe mwenyewe umekuwa ukililia jina lako. Kitabu hiki kikikosa kutoka, nani mwingine atakuja huku Likoni kukutafuta?" Aliutwaa mkoba wake akaondoka. Ila najua maneno yalimwingia, kwa sababu muda haukupita mwingi akaja mezani kwangu na karatasi moja. *Mwanasiti akazindukana. Kumbe ilikuwa ndoto.* "Ipige," akasema. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama nimeshinda mimi.

Lakini desturi yake hakuiacha. Alasiri akawasomea wanawake wa ukumbini kuanzia mlangoni kwa malkia. Sindano zikasimama, moja baada ya nyingine, mpaka zote. Akasoma ile sentensi ya mwisho. Sindano zikaanza tena kwenda, zote pamoja, hakuna aliyenyanyua uso. Tulisikia nyuzi zikipita kwenye kitambaa. Mwishowe Mama Samaki akasema, kwa upole ambao haukuwa wake, "Mwalimu, na mimi siku ile nilikuwa nimelala?"

Mwalimu aliinuka akaenda jikoni na ile karatasi, na alirudi bila ya karatasi. Hakuiandika tena.

Miaka ikapita. Nikaolewa Kisauni, nikapata kazi huko huko, Likoni ikawa mbali kama ng'ambo, kati yetu kuna kivuko hiki na daraja lile. Tulionana kwa harusi na kwa matanga. Nilisikia amestaafu. Nilisikia kitabu cha pili kimezungushwa kwa wachapishaji wengine, mmoja alifunga kazi, mmoja alitaka mhusika awe mvulana, mmoja hakujibu kabisa. Kila nikimwona nilimwuliza, na kila mara alisema, "Bado, inshallah," mpaka nikaona haya kumwuliza. Niliumia. Nasema wazi, niliumia kuliko yeye alivyoonyesha kuumia. Nilikuwa nikiona vitabu madukani, vibovu vingine, vimevaa majina ya watu, nikajiambia, na huyu je?

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwenye mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Macho yalikuwa yamemwacha, na mtoto wa dadake alikuwa amemchukua wakae pamoja Jomvu Kuu. Nikaenda. Nyumba ya jirani yao kulikuwa na harusi, nikaambiwa Mwalimu yuko huko na wanawake wenziwe. Nikamkuta uani, amekaa mkekani kati ya watu wasiomjua sana, ungo wa mchele mapajani, anachagua kwa vidole kwa kuwa macho hayaoni. Chuya moja haikumponyoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Karani! Kaa hapa, kaa karibu yangu."

Nikakaa, nikatwaa ungo. Tukaulizana hali, watoto, magoti. Sikumwuliza kitabu. Yeye mwenyewe akaniambia, bila uchungu, kama mtu atajaye hali ya hewa, "Hakikutoka, karani. Na sidhani kitatoka." Nikaendelea kuchagua mchele na machozi yakinidondoka humo humo, nikashukuru kwamba hanioni.

Mbele yetu alikuwa msichana mjamzito, amenyoosha miguu, mchangamfu, na wenziwe walikuwa wakimshikilia awatolee hadithi kazi isiwachoshe. "Haya, nitawapa moja," akasema. "Hii ni ya wazee wetu wa hapa hapa Jomvu, ya tangu na tangu, bibi yangu alinipa." Akaanza. Kulikuwa na msichana, mamake kapoteza sauti. Siku moja akavua viatu, akaona ngazi ndani ya maji.

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa ameacha kuchagua.

Msichana akaendelea. Jina la Mwanasiti halikuwamo, kivuko hakikuwamo, ngazi ilishukia kwenye mkono wa bahari uingiao hapo nyuma ya msikiti wao. Lakini adhana ilisikika chini ya maji kama yatoka ndani ya kifua, na malkia alivaa sauti za watu kama kanga, na jina lake lilikuwa Kandarini. Nikashindwa kuvumilia. "Wee binti," nikasema, "hadithi hiyo ina mwenyewe!" Nikafinywa paja, kufinywa kweli kweli. Mwalimu hakutaka niseme.

"Ina mwenyewe ndiyo," msichana akacheka. "Si nimekwambia ni ya wazee wetu?"

Akafika mlangoni kwa malkia. Akaingia. Akamfundisha kusema, silabi kwa silabi, na neno la kwanza likawa "mama".

"Mimi nilisikia lilikuwa jina lake," Mwalimu akasema taratibu.

"Aa, bibi, hapo walikuambia vibaya. Jina lake atalijulia wapi, na hakuna aliyewahi kumwita? Mtoto huanza na mama."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akafikiri kama alivyokuwa akifikiri juu ya sura nilizompigia chapa, kalamu mkononi. "Kweli," akasema. "Hapo wamenikosea. Yako ndiyo sawa."

Mikono uani pote ilikuwa imesimama, nyungo zimetulia mapajani. Mimi na ubishi wangu nikauliza, "Kisha huyo msichana akaamka?"

"Aamke?" Yule binti alinitazama kama nimepungukiwa. "Kwani alikuwa amelala?"

Mwalimu alinishika mkono, akaukaza. Nilidhani hapo ndipo mwisho, maana kwetu sisi mwisho ulikuwa hapo, sauti zapanda juu kwa wenyewe. Lakini msichana alijiweka sawa, akashika tumbo lake, akasema kwamba Kandarini alipoona nyumba yake imekuwa tupu, naye akaipanda ile ngazi kuzifuata zile sauti, ajue zinakaa wapi.

Mwalimu akausukuma ungo kando, akamsogelea karibu.

"Ehe?" akasema. "Kisha?"